Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji: tugawieni mto kwa mafungu, lita za kwenye karatasi zimetushinda

KWA: Waheshimiwa wote mliokabidhiwa dhamana ya maji, kuanzia wizarani, kwenye bonde, mkoani hadi wilayani

KUTOKA: Mkulima wa mpunga, mkiani mwa mfereji, Usangu, Mbeya

YAH: VIBALI VYA MAJI VINAVYOTUKAUSHIA MTO KILA KIANGAZI

Waheshimiwa,

Shikamooni. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa miaka 58. Nina ekari tatu kasorobo za majaruba, na mbali na hizo nina mwaka wa kumi na moja nikiwa katibu wa kamati yetu ya wagawa maji, kazi ambayo mshahara wake ni lawama. Hii si barua yangu ya kwanza. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nikagongewa muhuri wa "imepokelewa" kwenye nakala yangu, na ninayo mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya ubatizo vya wanangu. Ya pili nilijibiwa kwa simu kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya tatu nilipoifuatilia niliambiwa faili halionekani, nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu nne.

Ofisi hiyo sitaitaja, wala mto wetu sitautaja. Nimekaa na wenzangu wa mito mingine inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na safu ya Kipengere, na kisa chao ni hikihiki, kinatofautiana majina tu. Nikitaja ofisi moja mtamhamisha mtu mmoja, na vibali vitabaki vilevile.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, naomba niwaeleze usiku mmoja.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, wakati tunaandaa vitalu vya miche ya mpunga. Anayewahi kupandikiza anawahi kuvuna, na anayewahi kuvuna anauza kabla bei haijaanguka, kwa hiyo mwezi huo kila tone lina mwenyewe. Zamu yangu ilikuwa saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. (Zamu za mchana zina wenyewe. Namna wajane wanavyojikuta wote kwenye zamu za usiku ni barua nyingine.) Mtu aliyezoea kumwagilia gizani anayajua maji kwa masikio. Saa nane hivi sauti ikakatika.

Nikachukua jembe na tochi nikaufuata mfereji hadi kwenye banio letu, ule ukuta unaokinga mto na kuyaingiza maji mferejini. Mtoni nako hakuna kitu, mawe yanang'aa tu. Nikapanda na mto. Nilipofika kwenye banio lililo juu yetu, la mtu mwenye mashamba makubwa, nikakuta lango la chuma la kupitishia maji mtoni limeshushwa mpaka chini, viroba vya mchanga vimepangwa juu ya ukuta wa zege, na mfereji wao umejaa hadi kwenye ukingo. Pembeni kijana amejilaza ndani ya koti zito. Akashtuka na mwanga wa tochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmefunga? Huku chini ni zamu yetu mpaka asubuhi."

Akajikuna kichwa. Hakuwa na ubaya wowote. "Mama, nyie mna zamu. Bosi ana kibali. Zamu ni ya kijijini, kibali ni cha serikali."

"Na kibali kinasema mchukue mto wote?"

"Kinasema lita. Na hizo lita zenyewe bado hazijatimia."

Nimeyabeba maneno hayo mwaka mzima. Yule kijana hakunidanganya. Mto wote ulikuwa umeingia kwenye mfereji wa bosi wake, na bado haukufika namba iliyoandikwa kwenye kibali. Kwa karatasi yenu, bosi wake ndiye aliyekuwa anadai.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Kibali kinahesabu lita, mto unahesabu misimu

Tangu sheria ya matumizi ya maji Na. 42 ya 1974, na hata baada ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, anayetaka kuchepusha maji ya mto anaomba ruhusa, na ruhusa inataja kiasi. Vibali nilivyoviona kwa macho yangu, na nimeviona vitano, kila kimoja kina namba moja: lita kadhaa kwa sekunde. Namba hiyo haijui kama huu ni Machi au Oktoba. Machi mto wetu unabeba magogo. Oktoba navuka na kanga inalowa pindo tu.

Tufanye hesabu ya darasani, namba ni za mfano. Mto una watu watano wenye vibali, kila mmoja lita 200 kwa sekunde. Jumla 1,000. Machi mto una 3,000, wote wanashiba na Ihefu, kinamasi kilicho chini yetu, inapata. Oktoba mto umebaki na 150. Wa kwanza, aliye juu, anafungua lango lake na kuzichukua zote 150. Hajazidisha, tena amepungukiwa 50. Wanne waliobaki wanaangalia mchanga. Hakuna aliyevunja sheria hata mstari mmoja, na mto umekwisha.

Wazee wetu hawakuwahi kugawa lita. Waligawa muda. Fulani ana Jumatatu mchana, fulani ana Jumatatu usiku, mfereji wa juu una siku tatu, wa chini una siku tatu. Mto ukinenepa zamu yako inanenepa, ukikonda zamu yako inakonda, lakini ipo. Mwenye ekari kumi na mjane mwenye robo ekari wanakonda pamoja. Kwa hesabu ile ya Oktoba, zamu ingempa kila mmoja wa wale watano mto wote, lita zote 150, kwa siku moja katika kila siku tano. Kwa siku moja ya mto wote mtu analowesha kitalu chake na kulala. Kwa siku mia za mchanga halowishi kitu.

Halafu ikaja ada. Miaka ya 1990 tuliambiwa kwamba mtu akilipia maji atayabana. Nimeona kinyume chake. Asiyelipa huwa na haya, ukimwambia majirani wanakauka anafunga. Aliyelipa anatoa risiti. Kibali kimegeuka hati ya kununua mto, na jirani anayekuja kuomba kipande cha zamu anaonekana mdoezi. Wapo wazee hapa walioshiriki kuchimba mifereji kwa majembe ya mkono, na mpunga wa kumwagilia Usangu una umri mkubwa kuliko Uhuru, tangu enzi za Mabaluchi waliokuja kufanya biashara wakaishia kulima. Leo watoto wa wazee hao wanaitwa wavamizi wa maji kwa sababu hawana karatasi.

Na hapa ndipo nisipowaelewa. Sheria hiyohiyo ya 2009 inatambua haki za kimila za maji. Zamu yetu ni nini basi kama si haki ya kimila? Inajulikana siku, saa na mwenye nayo, na ina faini kwa anayeivunja. Mbona haimo kwenye daftari lenu lolote?

2. Hakuna anayepima

Karibu na daraja kuna bati la kupimia kina cha maji, namba nyeusi kwenye rangi nyeupe. Mafuriko yalisogeza mto, sasa bati limesimama kwenye mchanga mkavu, hatua nne kutoka majini, na mbuzi wanajikunia hapo. Namba za chini zimefutika maana ndizo zinazofikiwa na pembe. Kwenye mabanio yenyewe hakuna hata hilo la mbuzi. Mnauza kwa kilo dukani kusiko na mizani, kisha mnashangaa wateja wanapigana.

3. Banio la kisasa halivuji

Banio la zamani lilikuwa miti, mawe, majani na udongo. Kila masika mafuriko yaliliondoa, na kila baada ya masika kijiji kizima kiliingia mtoni kulijenga upya. Lilikuwa linavuja, na tulilitukana kwa kuvuja kwake. Kumbe kule kuvuja ndiko kulikokuwa fungu la jirani wa chini. Hata ungekuwa na roho mbaya kiasi gani, kwa miti na matope huwezi kuzuia mto wote.

Kisha miradi ikaleta zege na malango ya chuma. Tulishangilia. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati ya mapishi siku ya uzinduzi wa banio letu, kwa hiyo siandiki kama mtu asiye na mkono katika jambo hili. Lakini aliyelichora alikuwa anawaza maji ya masika: ukuta usibomolewe, mfereji ujae. Kiangazi, lango likishushwa na viroba viwili vikapangwa juu, halipiti hata tone. Tulitengenezewa kisu kikali bila mpini wa kuonyesha kikomo.

Si lazima liwe hivyo. Mafundi wenu wanajua kujenga kigawanyio: ukuta mmoja wa zege wenye midomo miwili iliyokatwa kwa upana tofauti, isiyo na lango la kufungua wala kufunga. Maji yakija mengi yanagawanyika, yakija machache yanagawanyika kwa uwiano uleule. Hakihitaji umeme, funguo wala mlinzi wa kulala na koti. Mbona hatujaona hata kimoja kwenye mto wetu?

4. Mfereji ndio bomba letu

Kila kiangazi tangazo hutoka: fungeni mabanio, mto upumue. Na mimi nasema mto upumue kweli. Sera ya Maji ya 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, mazingira pili, ndipo shughuli nyingine zifuate. Sina ugomvi na mpangilio huo hata kidogo.

Lakini njooni mwone mfereji wetu mwezi wa nane, wakati mpunga umeshavunwa na hakuna jaruba hata moja linalohitaji maji. Bado unatiririka, na wapita njia kwenye barabara kuu wanasema wakulima hawa wanapoteza maji ovyo. Ukikaa kando yake kuanzia alfajiri utaelewa. Wa kwanza ni wanafunzi wenye vidumu vya shule. Wanafuata kina mama na ndoo za kupikia, wanachota upande wa juu wa kivuko. Saa nne zinaanza nguo, upande wa chini. Saa sita ng'ombe. Jioni vijana wa matofali. Mfereji huu ndio kisima na bomba letu, ndiyo josho letu. Mkisema tufunge banio mnasema tufunge jiko.

Sasa nipigieni hesabu hii, nayo si ya mfano. Lita moja kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Sera ya 2002 ilitaka kila mtu kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, kwenye kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwake. Gawanyeni 86,400 kwa 25: watu 3,456. Kijiji chetu hakifiki idadi hiyo. Maana yake kijiji kizima kingetoshelezwa na lita moja kwa sekunde ndani ya bomba, kasi ya kujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde ishirini. Badala yake, ili lita hiyo moja itufikie kwenye mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita saba, tunalazimika kuchepusha mto mdogo mzima. Mengine yote yanaishia kwenye mchanga, kwenye magugu na angani.

Nimewaza sana kwa nini jambo rahisi hivi halifanyiki, na jibu nililolipata ni hili: maji ya kunywa yana ofisi yake na maji ya mto yana ofisi yake. Ya kwanza ikija kwetu inatukuta tuna maji, maana mfereji unatiririka, inatupeleka chini kwenye orodha. Ya pili ikija inatukuta tunapoteza maji, inatupiga faini. Hazijawahi kuja siku moja kwenye gari moja.

Tuchimbieni visima au tuleteeni bomba. Siku maji yatakapotoka, banio nitalifunga mimi mwenyewe kuanzia Julai hadi wakati wa vitalu, na ufunguo nitawakabidhi.

5. Jumuiya ina muhuri, haina mamlaka

Tulihamasishwa kuunda jumuiya ya watumia maji, kama sheria inavyotaka: isimamie mgao, isuluhishe migogoro, ilinde vyanzo, ikusanye ada. Tuliunda. Tulipewa katiba, muhuri, daftari na kofia. Ada tunakusanya, inapanda juu, haijawahi kushuka hata kama nauli ya mgawa maji kwenda kukagua mabanio. Mwenye kibali kikubwa alialikwa kwenye mkutano, hakuja, na hakuna kifungu chochote mkononi mwetu cha kumleta. Tunasuluhisha migogoro ya maskini kwa maskini.

6. Mita 60 zina upendeleo

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Huko juu, upande wa Iringa na Njombe, nina ndugu waliofyekewa mboga kwenye vinyungu kwa sheria hiyo, bustani za hatua kumi kwa ishirini ambazo ndizo ada ya shule. Bonde lilelile, juu ya chemchemi ileile, kuna miti ya milingoti ya mtu mkubwa imesimama mistari kama gwaride. Panga halijaifikia. Nimelitaja, naliacha.

Naomba sasa niwahi majibu yenu, maana mengine nimeshayapata kwa simu.

Mtasema ni mabadiliko ya tabianchi. Mvua zimebadilika, mkulima ndiye wa kwanza kulijua hilo. Lakini Ruaha Mkuu, mto unaopokea maji ya mito yetu, ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na tangu hapo kiangazi baada ya kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza London kwamba serikali itahakikisha mto huo unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Ihefu na ng'ombe wao, wakiambiwa wao ndio wanaokausha. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ukafika, mto ukakauka. Ng'ombe walishaondoka, na mpaka ulishasogezwa. Kilichobaki palepale ni namna ya kugawa maji huku juu, kabla hayajafika Ng'iriama, mahali yanakotokea Ihefu. Kama mvua zinapungua kweli, basi lita zilizoandikwa kwenye vibali zinazidi kuwa hadithi, na mafungu yanazidi kuwa lazima.

Mtasema mnao uwezo kisheria wa kupunguza vibali wakati wa ukame. Mnao. Lakini kiangazi si ukame. Ukame ni janga, unatangazwa. Kiangazi kinakuja kila mwaka, na mtoto wa darasa la pili anajua mwezi wake. Kinachojulikana miezi sita kabla hakisubiri tamko la dharura, kinaandikwa kwenye kibali tangu mwanzo.

Mtasema taifa linahitaji umeme. Maji haya yakitoka kwetu yanaenda bwawa la Mtera, yanashuka Kidatu kwenye mitambo ya megawati 204, yanaendelea hadi Rufiji kwenye Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Nami nina balbu nyumbani. Miaka yote ya mgao wa umeme tulinyooshewa vidole sisi wa majaruba. Basi nani anayefaidika na mpango unaomruhusu mtu mmoja kumeza mto mzima Oktoba bila kuvunja sheria? Mtera haifaidiki.

Mtasema wakulima wadogo hatuna ufanisi. Kuna ukweli. Tunajaza jaruba kuliko linavyohitaji, na sababu yake ni hofu: usiyejua kama maji yatarudi keshokutwa unayaweka yote leo. Mkulima mwenye uhakika wa zamu yake hamwagi. Na jaruba la juu likifurika linamwagia la chini, kwa hiyo maji mnayoyaita ya kupotea kwangu mara nyingi ndiyo ya kumwagilia kwa jirani.

Mtasema bajeti. Kigawanyio ni zege na fundi wa siku chache. Kwa visima, kuna tozo ya shilingi 50 iliyowekwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Maji. Pampu yetu inakunywa dizeli, bodaboda inayonipeleka kwenye Jumatatu zenu inakunywa petroli. Tumeshachangia.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni haya. Vibali vyote vya mto wetu viandikwe upya viwe na sehemu mbili: masika kwa lita, zenye kikomo, kiangazi kwa mafungu ya maji yaliyopo mtoni siku hiyo, fungu la kwanza likiwa la kunywa na la mto wenyewe, nalo lisiguswe na mtu. Zamu za mifereji yetu ziandikishwe kama haki ya kimila, kwa majina na saa, ili kijana mwenye koti asiweze tena kuniambia kwamba yangu ni ya kijijini. Kila banio la zege linalobana mto lifunguliwe mdomo wa kudumu au lijengewe kigawanyio, tukianza na letu, nasema hili mbele ya wanakamati wenzangu na najua nitasemwa. Bati la kupimia litolewe kwa mbuzi lirudishwe majini, na kipimo cha kila wiki kibandikwe ofisi ya kata pamoja na orodha ya wenye vibali na kiasi cha kila mmoja. Ofisi mbili za maji zije kijijini siku moja, kwenye gari moja, zikubaliane nani anatuchimbia na lini. Na sehemu ya ada tunayoikusanya ibaki kwa jumuiya, walau nauli ya mgawa maji.

Orodha ya vibali naiomba rasmi, kwa barua hii, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inawapa siku 30 za kunijibu kwa maandishi. Simu sitaihesabu.

Najua wapo kati yenu wanaoyaelewa haya kuliko mimi. Mmoja, ofisa kijana, alikuja kwetu siku moja akavua viatu, akaingia mtoni na fimbo na saa ya mkononi, akapima kasi ya maji kwa kutumia ganda la chungwa. Aliandika kila kitu kwenye kidaftari. Aliponiaga aliniambia, "Mama, hii namba nikiipeleka itasumbua." Sijui kidaftari kile kiko wapi. Kama bado unacho, mwanangu, kipeleke.

Kwa atakayetaka kuja kuona kabla ya kujibu: zamu yangu inayofuata ni usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi, kuanzia saa sita. Njooni na tochi na gambuti. Chai ya tangawizi nitakuja nayo kwenye chupa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kamati ya wagawa maji
Mkiani mwa mfereji, Usangu

Nakala:
Mwenyekiti wa kijiji – kwa taarifa
Wagawa maji wa mifereji ya juu – kwa taarifa na salamu
Ubao wa matangazo, ofisi ya kata
Mfuko wa nailoni, nyumbani